Kuoanisha flaiwili, klachi na giaboksi ukibadilisha injini: pima kabla hujafunga

Ndugu zangu mafundi na nyinyi wenye magari, leo nataka tuongee mambo ya kubadilisha injini huku giaboksi inabaki ile ile, au injini inatoka gari hii na giaboksi inatoka gari ile, manake naona watu wengi wanaangalia kitu kimoja tu, kama boliti za belihauzi, lile ganda la mbele la giaboksi linalofungwa kwenye injini, zinalingana. Wakiona giaboksi imekaa vizuri mgongoni mwa injini wanafurahi, wanafunga, wanawasha, alafu wiki tatu baadaye gari iko tena juu ya mawe na watu wako chini yake.

Mi niko Tororo, gari ninazofungua sana ni kamunye, yaani teksi za abiria, za Hiace za njia ya Mbale na Malaba na pikapu za mizigo. Mwaka juzi Hajji mmoja aliniletea Hiace yake, ilikuwa imebadilishiwa injini sehemu nyingine, dizeli ya mtumba ya ukoo ule ule wa L, kwa hiyo giaboksi yake ya zamani ilikaa bila shida yoyote. Akaniambia, "Fundi, gia ya kwanza inagoma, rivasi inalia, na nikikanyaga klachi nasikia kitu kinasaga." Nikamuuliza, "Hajji, hii injini ilitoka kwenye gari ya otomatiki ama ya gia?" Hakujua. Tukashusha giaboksi. Ile pua ya mbele ya inputi shafti, shafti ya giaboksi inayopokea nguvu ya injini, ilikuwa imeliwa upande mmoja, inang'aa kama kijiko, na kwenye krenki, shafti kuu ya injini, pale katikati shimo lilikuwa tupu. Pailoti beringi, ile inayoishikilia hiyo pua, haikuwekwa kabisa. Shafti ilikuwa inaning'inia na kucheza, imeua beringi ya mbele ya giaboksi, sili imeachia, oili imelowesha pleti ya klachi. Pleti yenyewe ilikuwa mpya, haina hata mwezi. Kila kitu pale kilikosea kwa sababu ya kiberingi kinachoenea kwenye kiganja.

Ndo maana naanzia hapa. Injini na giaboksi kutoka gari mbili ni kama nyumba mbili zinazotaka kuoana, na klachi ndo mshenga, inabidi ajue lugha ya pande zote mbili. Kaa na hii kichwani kabla hujaenda soko la Kisekka kule Kampala kutafuta spea: flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, inafuata krenki ya injini. Meno ya katikati ya pleti yanafuata giaboksi. Presha pleti, ile inayoibana pleti kwenye flaiwili, inafuata flaiwili. Rilizi beringi, ile inayosukuma vidole ukikanyaga klachi, inakaa kwenye mkono wa giaboksi, ndo foku, lakini urefu wake unafuata vidole vya presha pleti. Na stata inafuata ringi gia, ile ringi ya meno pembeni mwa flaiwili, pamoja na belihauzi. Ukinunua "seti ya klachi" kwa jina la gari moja tu, wakati una gari mbili hapo, lazima upande mmoja utadanganywa.

Tuanze na krenki. Injini nyingi za mtumba zinazokuja kwetu zimetoka kwenye otomatiki, kwa hiyo nyuma utakuta ile sahani nyembamba ya bati, fleksi pleti, si flaiwili. Fungua, uhesabu matundu ya boliti, pima duara lao, pima pia kile kitovu cha katikati ambacho flaiwili inakalia, manake boliti zinabana tu lakini kitovu ndo kinachoiweka flaiwili sentaa. Usiseme injini ni jina moja basi krenki ni moja. Mitsubishi 4G63, hii ambayo watu wa rali wanaijua vizuri, ya zamani ina boliti 6 za flaiwili na ya baadaye ina 7, jina la injini ni lile lile. Boliti zenyewe usitumie zile za fleksi pleti. Fleksi pleti ni nyembamba na flaiwili ni nene, kwa hiyo boliti zake mara nyingi ni fupi, zinashika nyuzi chache tu, na flaiwili ikiachia ukiwa kwenye mwendo inapasua belihauzi na inaweza kukukata miguu. Tafuta boliti za flaiwili ya gia, mpya kama unaweza, paka gundi ya nyuzi kama kitabu cha injini kinasema hivyo, kaza kwa kuvuka kama msalaba, kwa toki renchi, kwa namba ya injini hiyo hiyo. Mambo ya "nimeisikia imekaza" hapana.

Alafu pailoti. Pima vitu vitatu kwa kalipa: shimo la krenki, pua ya inputi shafti, na urefu wa ile pua. Nje ya beringi ibane kwenye krenki, ndani ipokee pua kwa kuteleza vizuri bila kucheza. Krenki ya otomatiki nyingine shimo lipo lakini halijachongwa kwa kipimo cha beringi, au ni kubwa zaidi manake lilikuwa linapokea kitovu cha tokikonvata. Hapo nenda kwa fundi wa lethi akuchongee bushi ya shaba nyeusi au ringi ya kubeba beringi. Kwa Hajji tulichonga ringi, beringi ikagongwa ndani yake, basi. Na urefu: pua iingie ndani ya beringi yote, lakini isifike kugusa mwisho wa shimo. Ikigusa, ukikaza boliti za belihauzi unaisukuma krenki mbele, unakula thrasti za injini, zile beringi zinazozuia krenki isiende mbele na nyuma, kabla haijatembea hata kilomita moja. Dalili ni hii, giaboksi inabaki nje kidogo, uwazi kama wa upana wa kidole, na wewe unataka kuivuta kwa boliti. Usivute. Giaboksi inayokubali inaingia kwa mikono, mpaka uso ukutane na uso, na boliti zinakuja baadaye kushikilia tu. Masikio ya belihauzi niliyoyaona yamevunjika, karibu yote yalivunjwa na mtu aliyekuwa anavuta kwa boliti.

Kama umeweka adapta kati ya injini na belihauzi, unene wa hiyo adapta umeisogeza giaboksi nyuma. Adapta ya mm 12 inakudai mm 12 kwenye pua na mm 12 kwenye rilizi beringi, deni halipotei. Na adapta lazima iwe na doweli, zile pini mbili za kuweka sentaa. Boliti peke yake haziweki sentaa, zinabana pale ulipoacha. Kama doweli zimepotea tafuta nyingine, usifunge bila hizo. Giaboksi nyingi za Toyota za gari za kusukuma nyuma belihauzi yake inafunguka kutoka kwenye giaboksi, kwa hiyo mara nyingine dawa si adapta, ni kutafuta belihauzi ya injini yako kwa giaboksi hiyo hiyo. Mi hiyo naipenda zaidi, hakuna hesabu za ziada.

Flaiwili yenyewe. Weka geji ya saa, zungusha krenki kwa mkono, uangalie uso unavyocheza. Ikizidi kati ya 0.1 na 0.2 mm kulingana na injini, toa, safisha uso wa krenki, funga tena, bado ikicheza peleka ikachongwe. Ikichongwa kumbuka kuna flaiwili ya uso mmoja ulionyooka na kuna ile yenye ngazi, ambapo pleti inakaa chini na presha pleti inafungwa juu. Ile ya ngazi lazima zichongwe sehemu zote mbili kipimo sawa. Mwambie fundi wa lethi kabla, mwandikie kwa kalamu kwenye chuma, manake akichonga pale pleti inapokaa peke yake, nguvu ya presha pleti ya kubana inabadilika na vidole vinakaa pembe nyingine, utatafuta ugonjwa wa klachi inayoteleza mpaka uchoke na klachi ni mpya.

Uzito. Kuna vijana wanauliza flaiwili nyepesi. Kwa gari ya rali sawa, injini inapanda haraka. Kwa dizeli ya kazi, nakuomba, acha ile nzito. Dizeli inapiga kwa vishindo, flaiwili nzito ndo inayomeza vile vishindo na kukutoa mlimani ukianza na watu 14 ndani. Ukiipunguza utasikia giaboksi inakokoroma injini ikiwa inazunguka polepole gari imesimama na gari itazima kila foleni ya Kampala. Kama injini yako ni ya kisasa na ilikuja na flaiwili ya sehemu mbili zenye springi ndani, na wewe umeweka ya chuma kimoja, hakikisha pleti uliyonunua ina springi katikati. Zile flaiwili za sehemu mbili pleti zake nyingi hazina springi, kazi hiyo inafanywa na flaiwili yenyewe. Ukichanganya chuma kimoja na pleti isiyo na springi hakuna kinachomeza vishindo, meno ya giaboksi ndo yanameza.

Vitu viwili hapa watu wanasahau. Cha kwanza ringi gia: hesabu meno, pima upana wa nje, ulinganishe na ile stata utakayotumia. Meno yakitofautiana mawili tu, stata inaweza kushika siku ya kwanza na baada ya mwezi imekula ringi. Angalia pia lile bati jembamba linalokaa kati ya injini na belihauzi, watu wanalitupa wakidhani ni la vumbi tu, kumbe unene wake unahesabika kwenye kina cha stata. Cha pili sensa: kuna injini ambazo kompyuta inasoma mzunguko wa krenki kutoka kwenye flaiwili, Land Rover Td5 ni moja, ukiweka flaiwili isiyo na alama zile injini haiwaki, na utamtesa fundi umeme bure.

Sasa pleti. Chukua pleti uende nayo kwenye giaboksi, si kwenye karatasi ya duka. Iingize kwenye inputi shafti, iteleze yenyewe mpaka mwisho kwa kusukuma kidole, isikwame, na ukiishika pembeni isicheze kushoto kulia. Hesabu meno na upime upana wa shafti, vyote viwili, kwa sababu idadi inaweza kulingana na unene usilingane. Toyota nyingi za kazi zina meno 21 kwenye shafti, na hapo ndo mtego mkubwa ulipo kwetu, manake pleti ya gari ndogo inaingia kwenye giaboksi ya gari kubwa bila ubishi. Kuingia si kuweza. Injini ya 5L inatoa karibu newtoni mita 200, 1KZ-TE inatoa karibu 300. Ukiweka 1KZ na ukabaki na klachi ya 5L kwa sababu "meno yamekubali", kwenye tambarare ya Tororo hutaona kitu, lakini siku umebeba viazi unatoka Kisoro unapanda mlima wa Kanaba, klachi itanuka mpaka abiria wafungue madirisha. Nguvu ya klachi inatoka kwenye vitu vitatu, jinsi presha pleti inavyobana, upana wa pleti, na ile laini yenyewe, yaani tabaka la msuguano lililo kwenye pleti, inavyoshika. Kwa hiyo fuata nguvu ya injini mpya: presha pleti na upana wa pleti ni vya injini kubwa, meno ya katikati ni ya giaboksi, na kama hakuna seti moja yenye hivyo vyote, tafuta pleti ya gari nyingine yenye upana ule na meno yale. Wapo wanaotoa kitovu cha pleti moja na kukipiga riveti kwenye nyingine. Kwa gari ya kubeba watu mi sifanyi.

Kama pleti ni ya mtumba, pima kina cha riveti, kutoka uso wa laini mpaka kichwa cha riveti, kikiwa chini ya 0.3 mm tupa. Izungushe uone kama imepinda, Toyota wanasema mwisho ni 0.8 mm. Vidole vya presha pleti pale beringi inapogusa, vikiwa vimeliwa kina cha 0.6 mm au upana wa mm 5, hiyo presha pleti imemaliza siku zake hata kama laini ya pleti bado nene.

Alafu kuna kitu nakifanya kila mara, mi na vijana wangu. Kabla ya kufunga kabisa, naenda kwa yule mama wa chapati hapo jirani naomba bonge la unga uliokandwa, nausokota vidonge vidogo, naviweka juu ya vichwa vya boliti za flaiwili, na vingine kwenye springi za pleti upande wa giaboksi pale zinapokaribia presha pleti. Nafunga klachi bila kukaza sana, nazungusha, nafungua. Kidonge kikiwa kimebanwa mpaka kimetoboka ujue chuma kimegusa chuma. Siku moja tulikuta kitovu cha pleti kinagusa boliti za flaiwili, pleti ilikuwa inaonekana sawa kabisa kwa macho, ila kitovu chake kilikuwa kimetokeza upande wa injini mm 3 zaidi ya ile ya asili. Tungefunga vile, klachi isingeachia hata ukanyage mpaka sakafuni. Kidonge kilikuwa kimebaki chembamba kama karatasi, na alama ya kichwa cha boliti imechapika ndani yake, ukiiangalia unaona hadi kona sita.

Sasa hapa tukae kidogo, kwenye rilizi beringi, kwa sababu hapa ndo gari nyingi za kubadilishwa zinaharibikia. Kwanza ujue klachi yako ni ya kusukuma au ya kuvuta. Ya kusukuma beringi inasukuma vidole kuelekea injini, hizi ndo nyingi. Ya kuvuta beringi inabana ndani ya vidole na kuvivuta kuelekea giaboksi, Lancer Evolution za gia tano ziko hivyo, na foku yake ni tofauti kabisa. Huwezi kuweka presha pleti ya kuvuta kwenye giaboksi yenye foku ya kusukuma, hata upana ulingane na matundu yalingane.

Kisha pima urefu. Funga flaiwili, pleti na presha pleti kwenye injini, ukaze kabisa. Weka rula ya chuma iliyonyooka, upime kutoka uso wa nyuma wa injini, pale belihauzi inapogusa, mpaka kwenye ncha za vidole. Tuseme umepata mm 52. Nenda kwenye giaboksi, sukuma rilizi beringi nyuma mpaka mwisho, pima kutoka uso wa belihauzi mpaka uso wa beringi. Tuseme mm 60. Tofauti ni 8, ndo nafasi uliyonayo. Ikiwa beringi inapata namba ndogo kuliko vidole, maana yake ukifunga tu beringi tayari inakanyaga klachi, gari itateleza kuanzia siku ya kwanza. Ikiwa nafasi ni kubwa sana, mm 20 na kitu, slevu, ile silinda ndogo ya mafuta inayosukuma foku, itamaliza mwendo wake kabla vidole havijasogea vya kutosha na gia zitagoma. Na usiniletee hesabu ya kubana mpaka sifuri, kwa sababu kwenye klachi ya kusukuma, pleti ikiisha vidole vinarudi nyuma kuelekea giaboksi, na vinarudi mara tatu au zaidi ya kile kilicholiwa. Pleti ikipungua mm 1, vidole vimekuja mm 3 na zaidi. Usipoacha hiyo nafasi, klachi mpya itakuwa sawa na ikizeeka nusu inaanza kuteleza, wewe unailaumu laini.

Ukikuta nafasi haikubali, una njia chache. Tafuta kibebeo cha beringi kirefu au kifupi kutoka gari ya ukoo huo huo, hii ndo safi. Au badilisha ile mpira wa chuma foku inapoegemea, kuna wanaoweka washa chini yake, inasaidia kwa mm moja mbili, ukizidisha foku inakaa pembe mbaya. Pembe nzuri ni hii: katikati ya mwendo wa pedali, foku iwe imesimama karibu wima na shafti, isianze ikiwa imelala.

Na haidroliki. Presha pleti kubwa ni nzito na inataka mwendo wake, masta silinda ya zamani, ile ya kwenye pedali inayosukuma mafuta kwenda kwa slevu, inaweza isitoshe. Masta ya inchi 5/8 ukiibadilisha kwa ya 3/4 unasukuma mafuta zaidi kwa asilimia 44 kwa mwendo ule ule wa pedali, lakini pedali inakuwa nzito kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo usirukie masta kubwa kabla hujapima. Mtu mmoja akanyage polepole, wewe uko chini na rula kwenye fimbo ya slevu, uandike imetembea mm ngapi. Toa hewa yote kwanza, namba ya hewa inadanganya.

Kufunga. Safisha flaiwili na presha pleti kwa petroli na kitambaa safi, usiguse laini ya pleti na vidole vyenye grisi. Upande wenye kitovu kirefu cha springi mara nyingi unaelekea giaboksi, lakini soma maandishi kwenye pleti, yanakuonyesha upande upi ni wa flaiwili. Grisi kidogo kwenye splaini, yale meno ya shafti, kidogo kweli, ile ya ziada uifute, manake ikirushwa inaingia kwenye laini. Kuweka sentaa mi natumia inputi shafti ya giaboksi iliyokufa, niliiomba, nimeikata fupi, nayo ni bora kuliko kile kijiti cha plastiki cha kwenye boksi. Kaza presha pleti boliti moja nusu mzunguko, uende ya upande wa pili, hivyo hivyo mpaka ikae, ukikaza upande mmoja mpaka mwisho unaipinda.

Giaboksi ikishaingia, kabla hujafunga propela, ile shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma, na waya zote, fanya jaribio: weka gia, mtu akanyage klachi, wewe zungusha kwa mkono pale nyuma ya giaboksi. Akikanyaga izunguke bure, akiachia ishike. Ni dakika moja, na hapo bado hujarudisha vitu kumi juu yake.

Ya Hajji tulimaliza siku ya tatu, beringi mbili za giaboksi, sili, pailoti, pleti mpya. Nilimwambia asibebe watu wengi kilomita 500 za kwanza na asipande mlima akiwa ameshikilia klachi nusu, laini inahitaji kukaa. Akishafika hapo arudi, nitaangalia mafuta ya klachi kama yameshuka, nitapima tena mwendo wa foku, na nitatoa kile kimpira cha kuziba vumbi pale foku inapotokea nje nichungulie na tochi. Vumbi kavu jeusi ni sawa. Kukiwa na unyevu wa oili nainusa kwanza, oili ya giaboksi ina harufu yake kali na ya injini ina yake, hapo najua ni sili ipi ya kufungua.